Je, Wajua? Mvua ya Kwanza na Naitrojeni ya Mtoni

Je, wajua kwamba mbolea aliyotia mkulima mwaka jana inaweza kuuchafua mto kuliko aliyotia mwaka huu?

Iowa ndilo jimbo linaloongoza kwa mahindi nchini Marekani. Mwaka 2012 ukame ulilikumba mbolea ikiwa imeshatiwa. Mahindi yakadumaa, na mmea uliodumaa hauli sana, hivyo sehemu kubwa ya naitrojeni ikabaki udongoni bila mlaji. Mwaka uliofuata majira ya kuchipua yakaja na mvua kubwa mno. Kilichobaki kikashuka kwa mkupuo, na mto Raccoon, mmojawapo wa mito miwili inayounywesha mji wa Des Moines, ukafikia miligramu 24 za naitrojeni ya naitreti kwa lita moja, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa hapo. Sheria ya nchi hiyo inaruhusu 10 katika maji ya kunywa.

Udongo mkavu ni ghala, na mvua ndiyo yenye ufunguo. Watafiti wa eneo hilo wameona jambo hili likijirudia: ukame ukifuatwa na mvua nyingi, naitreti hupanda mtoni. Mabadiliko ya tabianchi nayo yanazidi kuleta misimu ya namna hiyo, ukame mkali na gharika zikipokezana. Ndiyo maana anayetaka kujua mto utachafuka kiasi gani hawezi kuhesabu mifuko ya mbolea peke yake. Lazima aulize pia mvua ilinyesha lini, na kabla yake jua liliwaka kwa muda gani.

Je, wajua kwamba mvua huuamsha udongo mkavu wenyewe, na mwamko huo una jina lililotoka Kenya? Katika miaka ya 1950 mtafiti wa udongo H. F. Birch alikuwa Muguga, Kiambu, nje kidogo ya Nairobi, kwenye kituo kilichohudumia utafiti wa kilimo na misitu wa Afrika Mashariki nzima. Alichukua udongo, akaukausha, akaurowesha, akapima. Akaukausha tena, akaurowesha tena. Kila mara udongo mkavu ulipopata maji, uliamka kwa nguvu: hewa ukaa ilitoka kwa wingi, na naitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani ya mboji ikageuka kuwa ya aina ambayo mizizi inaweza kuinywa. Siku chache baadaye mwamko huo ulipoa. Udongo uliokaa na unyevu muda wote haukuwa na mwamko wa namna hiyo. Makala aliyochapisha mwaka 1958 inatajwa mpaka leo, na wanasayansi wa udongo duniani kote huliita jambo hilo athari ya Birch.

Sababu yake iko kwa bakteria na kuvu. Kiangazi huua wengi wao na kuwalaza wengine, na huku udongo ukipasuka, mboji iliyokuwa imefichika ndani ya madonge hubaki wazi. Mvua ya kwanza inapopenya, walionusurika huamka na kukuta karamu: mizoga ya wenzao na mboji ambayo hapo awali haikufikika. Wanakula na kuongezeka, na naitrojeni isiyohitajika katika miili yao humwagika udongoni. Ndani ya muda mfupi bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti.

Ushauri wa tangu zamani wa kupanda mapema, basi, una kemia ndani yake. Mbegu iliyomo ardhini mvua ya kwanza inapoanguka huota wakati chakula kipo. Aliyechelewa majuma matatu anakuta sehemu ya chakula hicho imeshazama chini ya mizizi, au imeshafika mtoni. Kwetu sisi wenye masika na vuli hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mvua huanza shamba likiwa tupu: mabua yameliwa na ng'ombe au yamechomwa, na hakuna hata mzizi mmoja hai wa kuidaka naitreti ile. Binafsi naona habari ya Muguga ilistahili kuwamo katika kila kitabu cha kilimo cha shule zetu. Ugunduzi uliofanywa kwenye udongo tunaoukanyaga, unaoeleza kwa nini jirani aliyewahi kupanda huvuna zaidi, usingepaswa kujulikana zaidi Ulaya kuliko Kiambu.

Je, wajua kwamba asilimia 78 ya hewa unayovuta ni naitrojeni, na bado mahindi yanaweza kufa kwa kuikosa? Atomu mbili za naitrojeni angani zimeshikana kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuivunja. Radi huweza, na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, maharage na njugu huweza. Binadamu aliweza mwaka 1909, pale Mjerumani Fritz Haber alipoonyesha kwamba naitrojeni ya hewa ikikutanishwa na haidrojeni katika joto kali na shinikizo kubwa hutoa amonia. Carl Bosch akalipeleka jaribio hilo la maabara kiwandani, na kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kazi mwaka 1913. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo wanalishwa na mazao yaliyokuzwa kwa naitrojeni ya viwandani. Kwa hiyo siwezi kuiandika mbolea ya chumvichumvi kama adui. Bila hiyo, nusu ya sahani zetu zingekuwa tupu.

Chukua mfuko mmoja wa urea wa kilo 50. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23 ndani ya mfuko huo. Kwa wastani wa dunia, mazao huchukua takriban nusu tu ya naitrojeni inayotiwa mashambani. Kilo kama 11 hivi, ambazo mkulima amezilipia na kuzibeba mpaka shambani, zinakwenda kwingine.

Zinakwenda wapi? Mwaga urea juu ya udongo wenye unyevu mchana wa jua, uiache bila kuifukia, kisha uiname. Pua itakujibu: harufu kali, ya kuwasha, ile ile ya banda la mbuzi lisilofagiliwa. Ni amonia ikipaa. Ikifukiwa kidogo, harufu haitoki na mali inabaki. Hapo hugeuka kuwa amoniamu, yenye chaji chanya, na kwa kuwa chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, udongo huishika vizuri. Lakini bakteria hawaiachi hivyo. Katika joto letu, kwa majuma machache tu huigeuza kuwa naitreti, ambayo nayo ina chaji hasi kama udongo wenyewe. Haina cha kushikamana nacho. Maji yakishuka, nayo inashuka.

Na haionekani. Kaskazini mwa Iowa mashamba mengi yalikuwa vinamasi, na ili yalimike wakulima walizika mabomba yenye matundu, yapata mita moja chini ya ardhi. Hapo kale yalikuwa ya udongo wa kuchoma, siku hizi ni ya plastiki. Mvua ikinyesha, maji hupenya udongo mzima, yakaingia kwenye bomba na kutokea kwenye mdomo wake ukingoni mwa mtaro, maangavu kabisa. Mtu mwenye kiu angeyakinga mikono bila wasiwasi. Naitreti haina rangi, haina harufu, haina ladha, na maji yale hayakupita kwenye kinamasi wala majani ya ukingoni ambako bakteria wangeipunguza.

Des Moines ilijenga mtambo wa kuondoa naitreti mwanzoni mwa miaka ya 1990, mmoja wa mikubwa zaidi duniani, na kuuendesha kunagharimu maelfu ya dola kwa siku. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya mji huo ilizishtaki wilaya tatu za mashamba yaliyo juu ya mto. Mwaka 2017 mahakama ikaitupa kesi. Juni 2025, naitreti ilipopanda tena, wakazi wa eneo hilo walipigwa marufuku kumwagilia nyasi za majumbani ili mtambo uweze kumudu maji ya kunywa. Katazo la namna hiyo halikuwa limewahi kutolewa pale.

Kile kiwango cha 10 nacho kina historia ya Iowa. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly aliandika habari za watoto wachanga waliokuwa wakigeuka rangi ya samawati, na chanzo kilikuwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya visima vyenye naitreti nyingi. Tumboni mwa mtoto mchanga naitreti hugeuka naitraiti, nayo huizuia damu kubeba oksijeni. Visima vilivyochimbwa karibu na choo au zizi vina hatari hiyo hiyo popote duniani, hata pasipotiwa mbolea kabisa. Kuyachemsha maji hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na naitreti hubaki.

Je, wajua kwamba kuna sehemu ya bahari ambayo hupungukiwa na pumzi kila mwaka? Mto Mississippi hukusanya maji ya takriban asilimia 40 ya eneo la Marekani bara, Iowa ikiwamo, na kuyamwaga katika Ghuba ya Meksiko. Naitrojeni na fosforasi zilizomo huwa mbolea ya mwani mdogo wa juu ya maji. Mwani hustawi, hufa, huzama, na bakteria wanaouozesha huimaliza oksijeni ya chini. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wenye uwezo hukimbia; kaa, chaza na minyoo ya chini hawana pa kwenda. Eneo hilo limekuwa likipimwa karibu kila kiangazi tangu mwaka 1985. Mwaka 2017 lilivunja rekodi kwa kufikia kilomita za mraba zipatazo 22,700, likikaribia ukubwa wa Rwanda.

Lakini angalia miaka miwili hii. Mwaka 1988 Marekani ilikuwa na ukame mkubwa, na eneo lile lilikaribia kutoweka: kilomita za mraba 40 hivi. Mwaka 1993 Mississippi ilifurika kwa namna ya kihistoria, likapanuka mara mamia kuliko lilivyokuwa mwaka ule wa ukame. Kati ya miaka hiyo miwili wakulima hawakuwa wamebadilika. Mvua ndiyo iliyobadilika.

Watafiti watatu walilipigia hesabu jambo hili katika jarida la Science mwaka 2017. Walikuta kwamba ikiwa uchafuzi wa hewa utaendelea kama kawaida, mabadiliko ya mvua peke yake yataongeza naitrojeni ya mito ya Marekani kwa takriban asilimia 19 kufikia mwisho wa karne hii. Ili kulifuta ongezeko hilo, naitrojeni inayoingia mashambani na kwingineko ingepaswa kupunguzwa kwa kama theluthi moja. Maana yake ni kwamba mkulima anayepunguza mbolea kidogo kidogo kila mwaka anaweza kuona mto ukizidi kuchafuka, ilhali hakosei.

Joto lenyewe nalo lina mkono. Maji baridi sana, karibu na kuganda, yanaweza kubeba zaidi ya miligramu 14 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi joto 30, hubeba kama nusu ya hiyo. Mto au ziwa lenye joto linaanza likiwa na akiba ndogo.

Je, wajua kwamba mto unaweza kukosa oksijeni bila mkulima hata mmoja kuhusika? Mto Mara unatoka Mau, unapita Maasai Mara na Serengeti, unaishia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Upande wa Kenya una viboko zaidi ya 4,000. Usiku wanakula majani nyikani, mchana wanajisaidia majini: yapata tani 36 za kinyesi kibichi kwa siku. Wakati wa kiangazi mto unapopungua, mabwawa ya viboko hukaa kimya na samadi hiyo chini yake, na oksijeni huisha. Mvua ikinyesha kwa nguvu kule juu, maji yale mazito hufagiliwa yote kwa pamoja, na kilomita nyingi chini yake samaki huelea wamekufa. Watafiti waliofuatilia mto huo kwa miaka walilishuhudia tukio hili mara kadhaa. Ongeza nyumbu wapatao 6,250 wanaozama kila mwaka kwa wastani wakivuka Mara, nao pia huuachia mto naitrojeni yao. Mto huu ni hai na umezoea kupokea. Kinachotia hofu ni kupungua kwa maji yake ya kiangazi, misitu ya Mau ikikatwa na mashamba ya umwagiliaji yakiongezeka, maana mabwawa yakikaa muda mrefu zaidi bila kusafishwa, kila mvua itabeba mzigo mzito zaidi.

Athi nao una habari inayofanana. Maji taka ya Nairobi huingia kwenye mto huu, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Waliopima mwaka 2011 na 2012 walikuta kwamba wakati wa kiangazi naitrojeni ya jijini, ingawa ni nyingi kupita kiasi juu ya mto, karibu yote humezwa njiani na viumbe wa majini kabla ya kufika pwani. Mvua zikianza, mwendo wa maji huwa wa kasi na viumbe hao hawapati nafasi.

Kwa Ziwa Victoria, mito si njia pekee. Sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi ya ziwa hilo hushuka kutoka angani, ikibebwa na vumbi, moshi na mvua yenyewe. Shamba likichomwa kabla ya masika, sehemu ya rutuba yake hupanda kama moshi na inaweza kutua ziwani, mbali na mto wowote. Gugu maji, lililotoka Amerika Kusini na kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuta meza imeshaandaliwa.

Je, wajua kwamba Afrika inatia mbolea kidogo mno? Mwaka 2006 viongozi wa bara hili walikutana Abuja wakaazimia kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Wakati ule wastani wa Afrika kusini mwa Sahara ulikuwa kama kilo 8, na lengo halikufikiwa. Mashamba yetu mengi huvunwa naitrojeni nyingi kuliko inayorudishwa, na mto hubeba udongo wenyewe, mwekundu, pamoja na rutuba iliyomo. Pale mbolea inapotiwa kwa wingi mambo hubadilika. Vipimo vya vijito vya Mau Kusini Magharibi vilionyesha naitreti ndogo kabisa kwenye msitu wa asili, zaidi kwenye mashamba ya wakulima wadogo, na nyingi kupita zote kwenye mashamba makubwa ya chai. Mimi naamini Afrika ina haki ya kutumia mbolea zaidi, na ina bahati ya kuanza ikiwa imeshaona ya Iowa. Njia zenyewe zinajulikana: kugawa mbolea ya kukuzia mara mbili badala ya kuimwaga yote siku moja, kupima kwa kizibo cha soda kwa kila shina, kuifukia, kusikiliza utabiri kabla ya kutia, na kuacha ukanda mpana wa majani ukingoni mwa mto bila kulima mpaka majini.

Wadenmaki walishtuka mwaka 1986, kambamiti waliokufa kwa kukosa oksijeni walipoonyeshwa kwenye televisheni. Mwaka uliofuata bunge likapitisha mpango wa kuipunguza naitrojeni kwa nusu. Ilichukua muda mrefu kuliko walivyopanga, lakini naitrojeni inayofika baharini kutoka nchi hiyo imepungua kwa takriban nusu tangu mwaka 1990, na kilimo hakikufa. Kwingine subira inahitajika zaidi. Katika miamba ya chokaa ya Uingereza maji hushuka kama mita moja kwa mwaka, kwa hiyo naitreti ya miaka ya 1970 bado iko njiani kuelekea visimani.

Na je, wajua kwamba kuna nyasi zinazoizuia naitreti isizaliwe? Mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba mizizi ya brakiaria hutoa kemikali inayowapunguzia kasi bakteria wanaogeuza amoniamu kuwa naitreti. Naitrojeni inabaki katika ile hali ambayo udongo unaweza kuishika, hata mvua ikiwa kubwa, na gesi ya naitrasi oksaidi, inayoongeza joto la dunia mara 273 kuliko hewa ukaa kwa uzito ule ule, hutoka kidogo. Aina yenye uwezo mkubwa ni Brachiaria humidicola. Brakiaria asili yake ni Afrika. Zilipelekwa Amerika Kusini, ambako zimefunika mamilioni ya hekta za malisho, na sasa zinarudi zikiwa mbegu zilizoboreshwa. Wakulima wa pembezoni mwa Ziwa Victoria wanaofuata kilimo cha vuta-sukuma huzipanda kuzunguka mahindi ili ziwavute nondo wa mabua, na kati ya mistari hupanda desmodiamu, jamii ya kunde, inayolizuia gugu la kiduha na kuuongezea udongo naitrojeni bila mfuko wa dukani.